Kukatiwa Gauni

Mafundi cherehani wote wana jibu moja. Ukiwapelekea kitambaa wanakuambia, "Kiache, nitakukatia kesho." Fundi huyu alikuwa hasemi hivyo. Alisema nitakushonea, au nitakipasua, hata nitakigawa, alimradi neno kukata lisimtoke mdomoni likiwa na gauni pembeni yake. Suruali alikata, mapazia alikata, mashati ya wanaume aliyakata huku akipiga soga. Likija gauni tu, ulimi unapiga kona. Wateja waliomzoea walimchokoza makusudi. Walimwambia, "Fundi, nikatie gauni," wakakonyezana, naye akajibu bila kuinua macho kwamba yeye hushona tu, anayetaka kukatiwa aende buchani. Watu wakacheka, yeye akaendelea kukanyaga cherehani.

Hawakujua, wala hakuwa na haja ya kuwaambia. Kwao, kwa watu aliozaliwa nao na aliokuja kuolewa kwao, kukatiwa gauni lilikuwa jina la adabu la jambo lenyewe. Hakuna mtu mzima aliyetaja ukeketaji mbele ya mtoto. Walisema likizo hii fulani anakwenda kukatiwa gauni. Wakubwa wakaelewa, mtoto akafurahi. Yeye mwenyewe alifurahi. Aliamka mapema, akaoga bila kusukumwa, akawaringia wenzake kwamba wao wabaki na matambara yao. Na gauni alipewa kweli, jipya, pana, la kitambaa cheusi kisichoonyesha damu. Alilivaa akiwa ameshonwa, amefungwa miguu pamoja kuanzia mapajani hadi vifundoni. Tangu hapo neno hilo lilimkaa kooni.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Cherehani ilikaa karibu na mwanga, halafu meza ya kazi, pasi, na kioo ambacho kila mteja alikilaumu kwamba kinanenepesha watu. Kwenye kiti chake kulikuwa na sponji nene aliyoitoboa katikati, na aliyeuliza aliambiwa ni mgongo. Haukuwa mgongo. Ulikuwa uvimbe uliojiotea pale penye kovu, ambao mwanzoni ulikuwa kama kunde na sasa umefikia yai la njiwa. Siku zake za mwezi zikifika aliiacha cherehani, akashona vifungo kwa mkono amesimama mlangoni. Haja ndogo nayo ilimchukua muda ambao mwenzake angechemsha chai akainywa. Walikuwa wakitumia choo kimoja na majirani, na majirani walishamjua; wakimwona anaingia, walikwenda kwanza kuanika nguo.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata akiwa na chakula ndani. Mkono wa kushoto wa Chiriku ulikuwa mfupi kidogo kuliko wa kulia, na bega la upande huo lilishuka. Yalikuwa mambo ya kuzaliwa kwake. Uchungu ulikuwa mrefu, njia ilikuwa kovu tupu lisilotanuka, na kichwa kilipotoka bega lilikwama ndani mpaka mshipa wake ukavutika. Ndani ya familia ilisemwa kwamba wakunga walimvuta vibaya. Mama yake alimshonea sare zenye mkono mmoja mfupi na kipande cha sponji begani, kwa ufundi ambao usingeambiwa usingejua.

Sasa, mambo yalianzia kwenye kosa la kawaida kabisa la mafundi, la kupokea kazi nyingi kuliko mikono. Mtaa wa pili alikuwepo fundi mwenzake na rafiki yake, aliyeitwa Kesho kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila mteja. Msimu wa harusi ulimzidia Kesho, naye akafanya wanavyofanya mafundi wakizidiwa: akafunga baadhi ya kazi kwenye mfuko, akamletea mwenzake azimalize kimyakimya, wenye nguo wasijue. Katikati ya blauzi na vitambaa vya harusi kulikuwa na kitambaa cheusi cha gauni la mtoto.

Kesho alieleza alivyoelezwa, maana mwenyewe hakuwepo. Bibi mmoja alikiacha kwa mume wa Kesho. Liwe pana, lisibane kiuno, lifunguke mbele mpaka chini kwa kamba za kufunga, na liwe tayari kabla shule hazijafungwa. Bibi hakutaka kelele. Kesho hakuwa mtu wa kwao, na kwake lilikuwa gauni tu, tena la ajabu. Alicheka akasema huyo mtoto anavalishwa kama mgonjwa. Fundi hakucheka. Alimwambia aweke mezani.

Kesho alipoondoka, aliufungua mfuko mdogo wa vipimo. Vilikuwa vya uzi, kama wanavyopima watu wazima wasiosoma futi: unanyoosha uzi mwilini, unapiga fundo pale kiungo kinapoishia. Kulikuwa na uzi wa urefu na uzi wa mabega. Halafu kulikuwa na nyuzi za mikono, na zilikuwa mbili. Fundi alizitazama akashangaa, kwa sababu hakuna anayepima mikono miwili. Unapima mmoja, na wa pili unafuata. Alizinyoosha sambamba juu ya meza. Moja ilikuwa fupi.

Shati la shule la Chiriku lilikuwa limetundikwa likisubiri pasi. Alilitoa, akalilaza, akaweka uzi mrefu kwenye mkono wa kulia na mfupi kwenye wa kushoto. Mafundo yalikaa pale pale kwenye pindo. Duniani walikuwepo watu wawili tu waliokuwa wakimpima mtoto huyu mikono yote miwili. Mmoja alikuwa yeye. Wa pili alikuwa mama mkwe wake, ambaye hakutaka nguo impwaye mjukuu wake mkono mmoja kama aliyeiazima. Hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba uzi ule ulikuwa umepimwa kwa mapenzi.

Chiriku alirudi shuleni akiwa na habari za darasa zima. Mama yake alimngoja ashushe pumzi, akamuuliza kama bibi alimpima alipokwenda kumsalimia. Mtoto aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Bibi amesema nisiseme," alijibu kwa ndani ya viganja. "Kwa hiyo sisemi kwamba likizo atanikatia gauni."

Fundi aliketi kwenye kiti, akasahau sponji. Maumivu yalimpanda mpaka kifuani, akayaacha yapande. Chiriku alikuwa akiruka kwa mguu mmoja, akiuliza litakuwa rangi gani. Mama yake alimvuta, akamshika mabega yote mawili, lile la juu na lile la chini, akamwambia kwamba likizo hii haendi kwa bibi, na kwamba akiitwa na mtu yeyote kwenda kukatiwa gauni, hata akiwa shangazi, hata akiwa baba, akimbie aje dukani. Mtoto aliuliza kwa nini. Basi akamwambia, kwa maneno ambayo mtoto anaweza kuyabeba, kwamba gauni hilo halikati kitambaa, linakata mwili. Chiriku alinyamaza, jambo ambalo mtaa haukuwahi kulishuhudia.

Hakutaka kulia, hivyo hakulia. Siku iliyofuata mchana alifunga duka, akaenda kazini kwa mumewe. Mume alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu mwema, mpole kupita kiasi, mwenye tabia ya kushusha kofia ya kuchomelea kila mazungumzo yanapokuwa magumu. Alipomwona mkewe na zile nyuzi mkononi, mkono ulikwenda kwenye kofia. Mkewe akaitoa kichwani mwake, akaiweka kwenye kisanduku cha vifaa.

Alimuuliza kama alijua. Mume alisema mama aliomba tu mtoto aende likizo. Alimuuliza kama aliuliza sababu. Alisema hapana. Alimuuliza kwa nini hakuuliza, na hapo mume akatazama dirisha lililochomelewa nusu, akakiri polepole kwamba hakuuliza kwa sababu jibu alikuwa nalo. Akaongeza yale yanayosemwa, kwamba ni mambo ya wanawake na mama ni mama.

"Mimi ni mambo ya wanawake?" mkewe alimuuliza. "Tangu umenioa unajua nikikojoa inakuwaje. Unajua kwa nini nageukia ukutani. Siku ya kuzaliwa Chiriku ulikuwa ukumbini zahanati ukasikia nilivyolia, na kabla kidonda hakijapoa mama akaleta mtu wa kunirudishia nyuzi, na wewe ndiye uliyemfungulia mlango. Sikulaumu, baba Chiriku. Sikukwambia usimfungulie. Leo nakwambia."

Mafundi wenzake walikuwa wamezima mashine, wanajifanya wanatafuta vipuri. Mume alibaki ameinamisha kichwa. Fundi hakumbembeleza. Alimwambia Jumamosi anakwenda kwa mama, na kwamba akija aje na mdomo wake. Asipokuja, atakwenda peke yake na atafanya yale yale. Kisha akamrudishia kofia.

Kutoka hapo alipitia zahanati. Sista aliyemzalisha siku ya Chiriku alikuwa bado yupo, nywele zimeanza mvi, sauti ile ile ya kuamrisha. Huyu ndiye aliyemwambia zamani kwamba kufunguliwa kunawezekana, kwamba kuna daktari hospitali kubwa anayefungua mshono, anatoa uvimbe, na mtu anarudi kwake baada ya siku chache. Fundi alikuwa akisema nitakuja. Miaka ikapita akishona nguo za watu. Sasa alisema amekuja. Sista hakumpigia hotuba. Alimwandikia aende hospitali juma lijalo, akamweleza kwamba kovu litabaki na kilichokatwa hakirudi, asije akadanganywa, ila mkojo utapita, damu itapita, na maumivu yatapungua sana. Kuhusu mtoto alimwambia kwamba sheria ipo, na afisa ustawi wa jamii anakaa jengo la pili. Fundi akaenda jengo la pili. Halafu akaenda kwa mwalimu mkuu. Jioni ilipoingia, watu watatu wenye vyeo walikuwa wanajua jina la mtoto na nyumba ya bibi yake.

Jumamosi ilipofika, gauni lilikuwa tayari. Alilishona mwenyewe usiku na mchana kati ya kazi za Kesho, jeusi, pana, lisilobana kiuno, lenye kamba mbele mpaka chini. Alilikunja akalitia kwenye mfuko. Mumewe alikuwa amevaa shati la kutokea, amekaa ukingoni mwa kitanda tangu asubuhi. Walikwenda pamoja.

Mama mkwe aliishi chumba kimoja safi kuliko hospitali. Kitanda kilitandikwa bila mkunjo, sanduku la chuma lilifunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, birika lilisuguliwa mpaka ukajiona sura. Aliwapokea kwa furaha, akataka kuweka chai. Mkwe wake alimwomba aketi kwanza. Akalitoa gauni, akalitandaza kitandani.

Bibi alikitambua kitambaa chake. Akatambua pia kwamba siri imetoka, lakini alikuwa mwanamke wa kutojikanyaga. Alipapasa mshono, akanyoosha mkono wa gauni, akausifu ufundi kwa kichwa. Kisha akakunja uso.

"Limekuwa kubwa," alisema. "Hili si la mtoto."

"Ni langu, mama. Kitambaa hakikutosha, nikaunga pembeni. Juma lijalo nakwenda kufunguliwa na kutolewa uvimbe, na nitahitaji nguo isiyobana."

Bibi alimtazama mwanawe, mwanawe akatazama sakafu. Alimuuliza mkwe wake nani alimwambia, akajibiwa kwamba ni uzi wake mwenyewe, kwa sababu alipima mikono miwili. Hapo bibi alikaa vizuri, akaanza kutetea neno lake, na hakulitetea kijinga. Alisema mtoto asiyekatiwa gauni ataitwa majina kisimani na msibani. Alisema hakuna familia ya kwao itakayomposa, na mkono wake ule, je, si tayari ni kasoro moja, mnataka mbili? Alisema yeye si katili. Alimtafutia nesi mstaafu mwenye kisu kipya na sindano ya ganzi, si kama wao waliokatwa kwa wembe mmoja kumi na moja kwa zamu. Alisema yeye mwenyewe alikatwa, na kila alipozaa alirudishiwa nyuzi, na hajafa.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa amekuja kumaliza, hakuja kugombana.

"Ganzi inakwisha jioni ile ile, mama," alisema. "Na mkono wa Chiriku haukuvutwa na wakunga. Mimi nilikuwepo. Palikuwa hapapiti mtoto. Kasoro hiyo unayoiogopa ndiyo hii hii unayotaka kumwongezea. Mtoto haji. Shule inajua, zahanati inajua, ustawi wa jamii wanaijua nyumba hii. Sikutishi. Nakwambia mapema, usije ukasema hukujua."

"Umenishtaki," bibi alisema.

"Bado."

Bibi alimgeukia mwanawe, akamuuliza kama amekaa tu anamwangalia mkewe akimtukana mama yake. Mume alifumba macho. Kofia yake ilikuwa mbali, hakuwa na cha kushusha.

"Nilikuwa ukumbini siku ile, mama," alisema. "Nilisikia. Mtoto haji. Na mimi ndiye nitakayewaambia ndugu, mkewe wangu asibebe peke yake."

Alikosea ulimi kwa woga, akasema mkewe wangu, na siku nyingine wangecheka. Bibi aliwaambia watoke. Walitoka. Fundi alikuwa na gauni kwapani na nyuzi zilikuwa mfukoni mwake, na mtoto alikuwa kwa Kesho akiwachosha watu masikio kwa maneno.

Juma lililofuata, siku ya hospitali, bibi alikuja. Hakuja kwa sababu amekubali. Alikuja kwa sababu mkwe amelazwa, na mama mkwe asiyeonekana wodini angesemwa mtaa mzima. Alileta uji kwenye chupa ya chai, akakaa kwenye benchi na kumpa mwanawe mgongo. Na mkwe wake aliyelala kitandani, amevaa gauni jeusi pana, hakumwambia kitu zaidi ya shikamoo. Walikaa hivyo siku nzima, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walidhani ni mtu na mama yake wanaopendana sana hata hawahitaji kuongea.

Ganzi ilipokwisha na nesi akasema ajaribu haja ndogo, mume hakuweza kuingia choo cha wanawake. Bibi akasimama bila kuombwa, akamshika mkwe wake kiuno, wakaenda polepole mpaka mlangoni. Fundi aliingia, bibi akabaki nje ameshika kitasa. Alikaa mkao wa kungoja, akaegemeza bega ukutani, maana alijua inavyokuwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameiacha nusu ya maisha yake vyooni, tone kwa tone.

Akasikia. Ilikuwa sauti ya kawaida tu, ya maji yanayomwagika kwa nguvu, ya mtoto au ya mwanaume, ambayo hakuwahi kuisikia kwa mwanamke wa nyumbani kwake. Ikakatika. Mlango ukafunguka.

"Umeshindwa?" bibi aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Mara hii?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Palikuwa bado panawaka moto pale, machozi yalikuwa yakimtoka, na alikuwa anacheka. Bibi hakucheka. Alichungulia chooni, kama mtu anayehakiki, akaurudisha mlango. Wakaanza kurudi wodini. Katikati ya ukumbi akasimama, akamngoja nesi mmoja awafikie, akamuuliza kwa sauti ya chini sana kama na mtu wa umri wake hufunguliwa. Nesi alisema hufunguliwa, mbona wanakuja wengi, akaenda zake na trei yake.

Bibi alibaki amesimama. Mkono wake ulikuwa umeshika gauni la mkwe wake, kidole kikipapasa mshono wa kuunga pembeni. Alitafuta maneno, hakuyapata mengine ila yale yale ya siku zote.

"Basi na mimi," alisema, "nikatie gauni."

Fundi alimtazama. Neno lilikuwa limemkaa kooni tangu utotoni, na sasa lilipaswa kutoka, kwa sababu mwenye kuomba alikuwa amesimama mbele yake.

"Nitakukatia, mama," alisema. "Simama vizuri nikupime."

Hakuwa na futi. Alitoa nyuzi mfukoni mwa gauni, akauchagua ule mrefu wa mkono wa Chiriku, akaanza kufungua fundo kwa meno.